Kulungu wa Harusi ya Dada Zaina

Nilisema ndiyo. Shangazi Mwanahamisi alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko letu akinoa kisu kwenye jiwe la mtoni, na mkwaruzo ule wa chuma juu ya jiwe lililolowa ninausikia mpaka leo nikikaa kimya. Alikijaribu kisu kwa ukucha wa kidole gumba, akakizungushia kipande cha kanga kuukuu, akaninyooshea. "Haya, mwalimu," alisema, "wewe umehitimu msahafu, au ulihitimu kula wali wa watu tu? Niahidi. Hurudi hapa bila nyama, na nyama hiyo uwe umeichinja wewe, ingali na roho yake. Nikisikia imekufa kabla ya kisu, muiache hukohuko na mjomba wako. Unaniahidi?" Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage kiunoni. Alifungua kinywa, kisha akakifunga, kwa sababu mke haingilii maneno ya wifi yake mbele ya watoto. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna mtu mzima aliyewahi kunikabidhi kitu chenye makali kiasi kile. Ningeweza kucheka, ningeweza kusema mjomba ndiye anayejua. Nilisema ndiyo, tena kwa sauti, ili dada zangu wasikie.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, neno hilo moja laweza kuonekana dogo. Sisi wa mitaa ya juu ya Mlola tulilelewa tukijua kwamba anayekwenda kuwinda haahidi. Ukikutana na mtu asubuhi amebeba gobore na ukamuuliza aendako, atakujibu kuwa anakwenda kutafuta kuni, nawe utamwambia akatafute kuni njema, ingawa wote wawili mnajua kwamba kuni hazipigwi risasi. Humwombi kipande, humtakii heri, wala humuulizi atarudi saa ngapi. Mjomba wangu Yona, ambaye ndiye aliyenifundisha habari hizi, alisema mtu akiahidi nyama amekwisha kuila ingali inatembea, na tumbo lililokula halijui kungoja. "Asiyeahidi anaweza kurudi nyumbani," alisema. "Aliyeahidi hana pa kurudi." Shangazi aliujua mwiko huo, lakini alikuwa ameolewa Tanga mjini miaka mingi, na huko nyama hutoka buchani, na mwenye bucha huahidi kila siku.

Mjomba Yona alikuwa kaka wa mama, wa pekee, na walikuwa wawili tu waliobaki kwa mama yao. Mama alisilimu alipoolewa na baba. Mjomba alibaki Mlutheri, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa lao. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa bonde, juu kabisa, mahali ambapo shamba linaishia na msitu unaanza, na shamba lenyewe lilisimama wima hivi kwamba alipolima viazi alionekana kama mtu anayepanda ngazi. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye koti la kijivu lililonuka baruti, moshi wa kuni za miwati na jasho la miaka. Mimi nililipenda koti lile. Msimu wa baridi, ule wa mwezi wa sita na wa saba, ukungu unapolala bondeni mpaka saa nne na vidole vikakataa kushika kalamu, nilivuka bonde kila siku nisiyokwenda shule, nikampa shikamoo yake, naye akaniitikia marahaba na kunifunika kwa upande mmoja wa koti hilo huku mkewe akitukaangia viazi. Mama na mjomba wakikutana walizungumza Kishambaa cha haraka, cha utotoni mwao, na mama alicheka kicheko ambacho kwa baba hakukicheka.

Alikuwa na namna yake ya kupima subira, nayo ilikuwa muwa. Kila tulipoingia msituni alikata muwa mmoja shambani, akaufunga mgongoni pamoja na gobore. Akishapiga mnyama, hakusogea. Alikaa chini, akaegemea shina, akaumenya muwa kwa panga polepole, pingili baada ya pingili, akatafuna na kutema makapi kiganjani ili yasianguke kwa kelele. Mpaka muwa uishe, hakuna kunyanyuka. Alinieleza kwamba mnyama aliyejeruhiwa akiona hafuatwi hulala karibu, na akilala hukakamaa, na damu yake humwishia taratibu hapohapo. Lakini akisikia miguu nyuma yake, hofu humpa nguvu ambazo Mungu hakumpa siku nyingine yoyote. Na kulungu dume, alisema, ni mwingine kabisa. Paa hukimbia mpaka afe. Kulungu hukimbia, huchoka kukimbia, kisha hugeuka. Mara ya kwanza aliponigawia pingili yangu niliimaliza upesi, nikakaa nikimtazama. "Wewe hutafuni, mpwa, unameza," aliniambia kwa mnong'ono. "Na mnyama hana habari kwamba umemaliza." Nilicheka mpaka akaniziba mdomo.

Sasa nieleze kwa nini kisu kilinihusu mimi. Siku nilipotoka jandoni, mjomba alileta paa mzima begani, amemtoa msituni alfajiri, kwa ajili ya karamu yangu. Ni wajibu wa mjomba. Mtoto wa dada hatoki jandoni mjomba akaja mikono mitupu. Shangazi, ambaye wakati huo alikuwa amerudi kwetu baada ya kufiwa na mumewe, alimuuliza mbele ya watu nani aliyemchinja. Mjomba akasema alimchinja yeye. Wapo masheikh wanaosema kwamba nyama ya Watu wa Kitabu ni halali, lakini shangazi hakuwa sheikh. Aliagiza paa yule wapewe mbwa, na mbwa wakapewa, mjomba angali amesimama uani na kofia mkononi. Baba alitazama chini. Mjomba alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaaga vizuri, akavuka bonde. Nadhani hakuna siku aliyovuka bonde lile akiwa mzito kama siku ile. Basi dada yangu Zaina alipochumbiwa, na mwaka ule ukiwa mbaya, maharage yameoza kwa mvua na mbuzi wetu wamepukutika kwa ugonjwa, mjomba alimtumia mama ujumbe: nyama ya harusi italetwa na mjomba wa bibi harusi, na safari hii itachinjwa na Mwislamu, tena wa damu yake mwenyewe. Mtoto aje na kisu. Ndivyo nilivyoingia. Mjomba hakutafuta nyama tu. Alitaka kula meza moja na watu wa dada yake, uso wake ukiwa juu, mara moja maishani.

Harusi ilikuwa Ijumaa. Sisi tuliingia msituni Jumatano baada ya adhuhuri, maana nilisali kwanza. Nilimkuta mjomba ananingoja penye mti mkubwa wa mkulo, mahali njia inapoacha mashamba. Aliniona ninavyokishika kile kisu, akatabasamu. "Umeaga vizuri nyumbani?" aliniuliza. Nilielewa swali lake. Alitaka kujua kama nimesema chochote. Nikamjibu kwamba nimewaambia nakwenda kutafuta kuni. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku ile, na nikiuangalia leo naona kwamba ndio uliobeba mingine, kwa kuwa kama ningemwambia nimeahidi, angenirudisha palepale na kutafuta mchinjaji mwingine siku ya pili. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, nami nilikuwa nimejikwaa mara mbili kabla ya saa nane.

Msitu wa kwetu wakati wa baridi hunuka udongo mweusi, majani ya mkangaga yaliyooza na kitu fulani kitamu kama dawa kitokacho kwenye magome ya mikulo. Maji hudondoka hata pasipo mvua. Tulikaa juu ya kijito, nyuma ya gogo lenye kuvu, tukitazama mahali ambapo kulungu hutoka kunywa. Tulikaa mpaka makalio yangu yakafa ganzi. Mbega waliruka juu yetu, wakatutazama, wakatuzoea, wakaendelea kula. Mara moja nilitaka kukohoa, mjomba akaniwekea kiganja kifuani, na kikohozi kikarudi kilikotoka. Kisha kulungu akatokea. Hakutoka mahali, alikuwa hayupo, kisha akawa yupo, dume la rangi ya kahawia iliyoiva, mistari myeupe ubavuni kama aliyechapwa kwa chokaa, pembe zimesokotwa na ncha zake zinameremeta. Aliinua mguu wa mbele, akausahau hewani. Mjomba alivuta pumzi, akaishikilia. Gobore lililia, moshi ukatuziba macho, na ulipotawanyika kijito kilikuwa kitupu.

Tulikwenda hadi pale aliposimama, hatua chache tu, na mjomba akapiga goti. Alichukua jani lenye damu, akalinusa, akaninusisha na mimi. Damu ilikuwa nyeusi, na ndani yake mna harufu ya majani yaliyotafunwa. Uso wake ukabadilika. "Nimempiga tumbo," alisema. "Aligeuka nilipovuta. Huyu hafi upesi, mpwa. Huyu ataumwa." Akaketi, akamenya muwa. Tulitafuna. Nilijitahidi kutafuna kama yeye, lakini moyoni nilikuwa nahesabu vinywa: watu wa bwana harusi, wazee wa msikiti, wanawake wa kupika, na shangazi amesimama juu ya masufuria akiuliza nyama iko wapi. Tulipofika katikati ya muwa, ukungu ukashuka. Ukungu wa kwetu hauji kama mawingu yajavyo. Hushuka kati ya miti kimyakimya kama maziwa yamwagwayo kwenye maji, na ukigeuza shingo mara mbili, mti uliouegemea ndio mti pekee uliobaki duniani. Mjomba aliutazama. Akafunga kipande cha muwa kilichobaki. Akasema, "Turudi."

Nilimuuliza kulungu je. "Yupo, hayuko mbali. Tutakuja asubuhi ukungu ukinyanyuka. Tukimkuta hai, utachinja. Tukimkuta amekufa," akachekea puani, "basi tutamla sisi wa upande wa kanisa, na shangazi yako atapata la kusema mpaka mwakani." Nikamwambia watu watatucheka. Aliweka mkono begani kwangu, mkono mzito wenye ubaridi. "Kwa mwoga huenda kicheko, mpwa, kwa shujaa huenda kilio. Mimi wamenicheka, na bado nakula. Twende." Ningependa msomaji ampime mtu huyu hapa. Jambo alilolitamani kwa miaka lilikuwa limelala ndani ya kichaka cha mkangaga, karibu kiasi cha kurusha jiwe, nalo lilikuwa jambo la heshima yake, si langu. Akaliacha, kwa sababu baruti ilikuwa imelowa, kwa sababu haoni mbele, na kwa sababu alikuwa na mtoto wa dada yake mkononi. Hakuna mwalimu aliyenifundisha maana ya subira vizuri kuliko mgongo wa koti lile la kijivu ukigeuka kurudi nyumbani.

Lakini mimi nilikuwa nimeahidi. Tulikuwa tumeteremka kidogo, yeye mbele, gobore amelificha ndani ya koti lisinyeshewe, niliposikia nyuma yetu mnyama akikohoa. Kulungu ana mlio kama mbweko wa mbwa, lakini huu haukuwa huo. Ulikuwa kikohozi cha kiumbe ambaye pumzi imekuwa kazi kwake. Nikafikiri, anakufa. Anakufa sasa hivi, na akifa kabla ya kisu, ni kibudu, na mimi ni mwongo. Sikumwambia mjomba neno. Niligeuka, nikakivua kisu kanga yake, nikaiingiza mfukoni, nikakifuata kile kikohozi. Nilisikia mjomba akiniita mara moja, kwa sauti ya chini kama mtu anayemwita mwenzake kanisani: "Mpwa. Rudi." Nilimsikia vizuri. Kwa miaka mingi nilijaribu kujiaminisha kwamba ukungu ulimeza sauti yake, lakini ukungu haumezi sauti, huileta karibu. Nilimsikia, nikaendelea.

Mkangaga mbele yangu ulisimama. Sijui kulieleza vinginevyo: majani yalisimama, na chini yake yeye akasimama, amenigeukia, kichwa chini. Nilimwona jicho, jeusi, lenye maji, wala halikuwa na hasira. Sikukimbia. Watu hudhani hofu hukimbiza. Mimi ilinipigilia misumari. Kilichonisukuma kando kilikuwa bega la mjomba. Nilianguka kwenye matope, nikasikia sauti kama ya gunia la maharage linalodondoshwa sakafuni, na nilipoinua kichwa, mjomba alikuwa ameketi akiegemea shina, ameshika paja kwa mikono yote miwili, na kulungu amekwenda hatua chache mbele yake, akapiga magoti ya mbele, akalala ubavu. Miguu yake ilikuwa ikitikisika. Alikuwa hai bado.

Hapa ndipo ninapotaka kusema polepole. Kati ya mimi na mjomba palikuwa na umbali uleule kama kati ya mimi na kulungu. Nilimwona mjomba, nikaona damu ikipita katikati ya vidole vyake, nyekundu, ya haraka, si ile nyeusi. Nikamwona na mnyama, nikaona jicho lake linaanza kupoteza ung'avu. Nikamwendea mnyama kwanza. Nilimshika pembe, nikamgeuza kichwa upande wa kibla kadiri nilivyoweza kukisia katika ukungu ule, nikasema bismillahi, Allahu Akbar, nikachinja. Nilichinja vizuri, kama nilivyofundishwa, sikurudia. Nikangoja miguu itulie. Ndipo nikageuka. Mjomba alikuwa akinitazama muda wote ule, uso wake umekuwa rangi ya jivu. "Umechinja?" aliniuliza. Nikasema ndiyo. "Vizuri," alisema. "Sasa njoo unifunge." Hakulisema kwa kejeli. Laiti angalilisema kwa kejeli.

Nilimfunga kwa ile kanga ya shangazi, nikakaza kwa mshipi wangu, nikakimbia hadi mwisho wa msitu na kupiga yowe. Kwetu mlima hujibu. Sauti ya mtoto ilivuka bonde, wanaume wakaja na machela, wale wale waliozoea kuwateremsha wajawazito wenye uchungu. Wanne walimbeba mjomba kumpeleka zahanati, wawili walimbeba kulungu. Njiani walimuuliza imekuwaje, na mimi nikawa natembea pembeni, nikisubiri jina langu. Mjomba alifumba macho. "Niliteleza," akasema. "Nilimfuata kabla ya wakati, nikateleza. Uzee huu." Wanaume wakaguna. Mmoja akasema hata Yona naye siku moja huwa na pupa, na wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kumtia moyo. Mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa kungoja alijivisha pupa yangu kama koti, nami nilimwachia alivae.

Ijumaa watu walikula wakashiba. Shangazi alisimama mbele ya masufuria, akanivuta kwa sikio mbele ya watu wa bwana harusi, akasema huyu ndiye mchinjaji, huyu mwanamume. Walinisifu. Sheikh aliniuliza kama nilimwelekeza mnyama kibla, nikasema ndiyo, akasema mashallah. Nyama ilikuwa laini, ina harufu ya tangawizi na moshi, nami niliila. Sitaki kusema haikupita kooni, kwa sababu ilipita. Mahali pa mjomba wa bibi harusi palikuwa na mkeka mtupu. Mama hakula. Alipomaliza kuwagawia wageni alinikuta nyuma ya nyumba nikiosha mikono, akasimama kando yangu, akaniuliza kwa Kishambaa, lugha ambayo hakuitumia kwangu ila kwa mambo mazito: ulimfunga kwanza, au ulichinja kwanza? Aliuliza hivyo tu, bila kupandisha sauti. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka vidoleni mwangu. Nikamwambia, nilimfunga kwanza. Alinitazama, akachukua kibuyu cha maji mkononi mwangu, akaingia ndani.

Jeraha lilifunga, lakini pembe ilikuwa imekata kitu nyuma ya paja, juu ya goti, na mguu ule haukukunjuka tena sawasawa. Mahali pengine mtu hulemaa akaendelea na maisha yake. Kwetu, shamba likiwa kama ukuta, mguu mbovu ni shamba lililopotea. Mjomba alijaribu misimu miwili, akilima akiwa amekaa, akijiburuta kutoka tuta hadi tuta, na mara nyingine nilimwona kutoka upande wetu wa bonde, doa dogo la kijivu lisilosogea. Sikuvuka tena. Nilisema nina masomo. Mwishowe mwanawe aliyefanya kazi nyikani, karibu na Mombo, alikuja kumchukua akaishi penye ardhi tambarare. Siku ya kuondoka, lori la kabichi lilisimama kwetu ili aage. Alishuka kwa taabu ya kutosha, akamkumbatia mama, akaniita. "Mpwa, ukipita nyikani uje," alisema. "Huko hakuna ukungu. Nitakuonyesha digidigi, wanyama wadogo, wanachekesha." Nilitaka anigombeze, nilingoja anigombeze, hakuwa na mpango huo. Nikasema nitakuja. Mama alisimama barabarani mpaka vumbi la lori likatua.

Sikwenda. Nilisoma sekondari Tanga, na kila likizo basi lilisimama Mombo kabla ya kupanda mlima. Wauza matunda waligonga madirisha, joto la nyika likaingia ndani na harufu ya katani, nami nilikaa kitini, nikijua kwamba nikishuka na kuuliza kwa Yona wa Mlola mtu yeyote angenionyesha. Nilijiambia safari ijayo. Subira huvuta heri, nilijiambia, nikaligeuza neno lake kuwa kichaka cha kujifichia. Mwaka nilipomaliza kidato cha nne tulipata habari kwamba homa ilimchukua, homa ya nyikani ambayo watu wa mlimani hawana kinga nayo. Alizikwa hukohuko, kwenye ardhi bapa, mtu aliyeishi maisha yake yote akitazama chini kuona mawingu.

Leo ule msitu ni hifadhi. Hakuna anayeingia na gobore, nami naona ni vyema, ingawa miti imepungua pembezoni na baridi ya siku hizi si ile iliyotufanya tulale na mbuzi. Mjukuu wangu Idi huwaongoza wageni kwenda kuwatazama mbega na vinyonga. Wana viatu vizuri, wana darubini, wana simu zinazowaonyesha walipo hata gizani. Juzi alirudi nao mapema, wamenuna, kwa kuwa ukungu ulishuka nao walikuwa bado hawajaona walichokitaka. Nilimuuliza kama hawakumkasirikia. "Wamekasirika, babu," alisema huku akifungua kamba za viatu, "lakini aliyekasirika atapoa. Aliyepotea humo nitampata wapi?" Kisha akauliza kama kuna chai. Hakujua amesema nini. Ana umri wa miaka ishirini na mmoja, hakuna aliyemfundisha kwa muwa, wala hakumjua mjomba. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu ninaye, na nilimmiminia chai.

Basi niseme bila kuzunguka. Ndiyo yangu ile ilimgharimu mjomba Yona mguu, shamba, sifa yake ya subira na mlima alikozaliwa. Ilimgharimu mama kaka yake wa pekee, na kile kicheko sikukisikia tena nyumbani mwetu. Mimi ilinigharimu wote wawili: mjomba kwa kuwa niliona haya kumtazama mpaka akafa, na mama kwa kuwa tangu ile Ijumaa hakuniuliza tena jambo lolote ambalo jibu langu lingekuwa na uzito kwake. Alinipikia, alinifulia, aliniozesha, akawalea wanangu, na hakuniamini. Alifariki msimu wa baridi uliopita. Nilikaa kitandani pake siku nyingi, nikiwa na nafasi ya kutosha, na sikumwambia kwamba nilichinja kwanza.